Gesi iliyobaki Groningen: ichimbwe tena au visima vizibwe kwa saruji?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Kila baridi ikikaza Ulaya na bei ya gesi ikipanda, swali hili huibuka upya Uholanzi. Chini ya mkoa wa Groningen, kaskazini mashariki mwa nchi, kumebaki takriban mita za ujazo bilioni 450 za gesi. Uzalishaji ulisimama tarehe 1 Oktoba 2023, na sheria iliyoanza kazi tarehe 19 Aprili 2024 imeufunga uwanja huo kabisa. Wapo wanaosema ni wazimu kulala njaa juu ya ghala lililojaa. Mimi nasema ghala hilo libaki limefungwa na visima vizibwe kwa saruji. Nimeishi huko miaka sita nikihudumia wazee majumbani kwao, kwa baiskeli, kati ya Loppersum, Stedum na 't Zandt. Nyumba ninazozizungumzia nimeingia ndani.

Tuanze na mahali penyewe, maana wengi wanaijua Uholanzi ya Amsterdam tu. Groningen ni tambarare tupu. Ukisimama barabarani unaona mnara wa kanisa la kijiji kilicho vijiji vitatu mbele yako. Kabla ya matuta ya kuzuia bahari kujengwa, maji ya chumvi yalikuwa yakijaa na kupwa juu ya ardhi hiyo. Watu wake, karne kadhaa kabla ya Kristo, waliinua vilima kwa udongo, samadi na taka za nyumbani, wakajenga juu yake. Vilima hivyo huitwa wierden. Pale Ezinge wanaakiolojia walifukua na kukuta nyumba juu ya nyumba, wajukuu wamejenga juu ya makaa ya babu zao. Kuanzia Enzi za Kati wakainua makanisa ya matofali ya kuchoma. Mengi ya karne ya 13 yangali yanasaliwa au yanapigiwa vinanda mpaka leo. Watu hawa kwa zaidi ya miaka elfu mbili waliitazama bahari kama adui. Hatari ya zamani hizi ikawajia kutoka chini ya miguu yao.

Mwaka 1959, Kolham karibu na Slochteren, kampuni ya NAM, ambayo nusu ni ya Shell na nusu ya Esso (leo ExxonMobil), ilipata gesi kilomita tatu hivi chini ya ardhi. Ujazo wote ulikuja kukadiriwa kufikia mita za ujazo bilioni 2,800, mojawapo ya hazina kubwa kabisa za gesi duniani. Katika miaka michache karibu kila jiko Uholanzi likawa linawaka gesi ya Groningen.

Sasa sikilizeni jinsi madhara yanavyotokea. Gesi hukaa katika vitundu vidogo vya jiwe la mchanga, na shinikizo lake husaidia kubeba uzito ulio juu. Ukiitoa, jiwe linabanwa na ardhi inashuka. Penye nyufa za kale za miamba, upande mmoja hubanwa kuliko mwingine, mpaka siku miamba inateleza ghafla. Hilo ndilo tetemeko. Kwa kuwa chanzo kipo kilomita tatu tu, na juu yake kuna udongo laini, na juu ya udongo kuna nyumba za matofali zisizo na nondo, tetemeko ambalo kwingine lingetikisa vikombe tu, pale linapasua kuta.

Tetemeko la kwanza lililosikika lilikuwa Assen, mkoa jirani wa Drenthe, Desemba 1986. Mwanajiografia Meent van der Sluis alisema wazi kwamba chanzo ni uchimbaji wa gesi. Alipuuzwa na kudharauliwa. Ilichukua mpaka 1993 kwa utafiti rasmi kukiri kwamba uhusiano upo. Hata hapo watu waliambiwa mitetemo itakuwa midogo na madhara machache. Kisha usiku wa tarehe 16 Agosti 2012, saa nne na nusu, Huizinge ikatikisika kwa ukubwa wa 3.6. Januari 2013 wakaguzi wa migodi wa serikali wakashauri uzalishaji upunguzwe haraka iwezekanavyo. Waziri Henk Kamp akaagiza utafiti zaidi. Na mwaka huohuo wa 2013 zilitolewa mita za ujazo bilioni 54, zaidi ya mwaka uliotangulia.

Wakuu, kwangu mjadala wote umo katika mwaka huo. Onyo lilikuwa mezani, limeandikwa na wakaguzi wa serikali yenyewe, na bomba likafunguliwa zaidi. Anayeniambia leo tufungue tena "kwa uangalifu" anieleze kwanza uangalifu huo utatoka kwa nani. Karibuni.

Mchangiaji, Rotterdam

Ndugu, nakuheshimu, lakini umezungumzia vijiji vyenye watu wachache ukawasahau mamilioni. Mwaka 2022, Urusi ilipopunguza gesi baada ya kuivamia Ukraine, mimi na wanangu tulivaa makoti ndani ya nyumba. Mtaani kwetu kuna watu waliozima kabisa kipasha joto. Serikali ikaleta gesi ya kimiminika kwa meli kutoka Marekani, ikaweka kituo cha kuelea Eemshaven, ndani ya mkoa huohuo wa Groningen! Gesi inayovuka bahari ndiyo inayochafua hewa zaidi, kwa sababu lazima ipoozwe iwe kimiminika, isafirishwe, igeuzwe tena gesi. Na Groningen hakuna aliyekufa kwa tetemeko. Chukueni sehemu ya mapato, mjengeeni kila mwenye ufa nyumba mpya, maisha yaendelee. Hesabu ni rahisi.

Mwanzisha mada

Dada, pole kwa baridi ile, na sikuambii haikuwa kitu. Lakini hesabu unayoitaja ndiyo waliyoahidiwa wenzetu, nami nimeona ilivyoendeshwa.

Mpaka mwisho wa 2016 mwenye nyumba ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba ufa wake umeletwa na gesi. Mzee wa miaka themanini athibitishe kinachotokea kilomita tatu chini ya kitanda chake! Sheria ilikuja kugeuzwa mwishoni mwa mwaka huo. Kabla ya hapo mama mmoja niliyekuwa nikimwosha na kumvisha alishatembelewa na wakaguzi mara nne. Wa kwanza alisema nyufa ni za uzee wa nyumba, wa pili akasema ni matrekta yanayopita, wa tatu akakubali ni tetemeko, wa nne akarudi kwenye uzee wa nyumba. Kila mmoja aliacha faili. Ukuta wa nje ulikuwa umeegemezwa magogo, na chumbani juu palifungwa, akahamishia kitanda sebuleni.

Kisha ikaja kazi ya kuimarisha majengo, takriban 27,000 katika eneo lote. Kuna mitaa ambayo nyumba mbili zimeungana ukuta, moja ikavunjwa na kujengwa upya, nyingine ikaambiwa ipo salama. Majirani waliokuwa wakiazimana ngazi wameacha kusalimiana. Watoto wamekua wakihamia nyumba za muda. Kamati ya Bunge iliyochunguza jambo hili ilitoa ripoti Februari 2023, na hitimisho lake ni kwamba maslahi ya watu wa Groningen yalipuuzwa kwa miaka mingi na kwamba Uholanzi ina deni la heshima kwao. Hilo ni Bunge linasema, si mimi.

Ulisema hakuna aliyekufa. Hakuna aliyeangukiwa na ukuta, kweli. Ila usingizi uliokatika miaka kumi mfululizo nao una hesabu yake, na madaktari wa vijijini kule wanaijua.

Na jambo la kiufundi: gesi ya Groningen ina takriban asilimia 14 ya naitrojeni, na majiko ya Uholanzi yalitengenezwa kwa gesi hiyo. Zamani hiyo ilikuwa sababu ya kusema "hatuwezi kuacha". Sasa pale Zuidbroek pamejengwa mtambo wa kuchanganya naitrojeni kwenye gesi inayoagizwa. Jiko lako halihitaji tena kisima cha Loppersum.

Mchangiaji, Lindi

Nafuatilia kwa makini. Shell na ExxonMobil ndio hawahawa waliomo kwenye gesi ya bahari kuu kwetu. Swali langu ni moja: fedha zilikwenda wapi? Mkoa wenye gesi nyingi hivyo ungepaswa kuwa tajiri kuliko yote.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu wa Lindi, fedha hazikuibiwa. Serikali ya Uholanzi ilipata takriban yuro bilioni 363, kampuni zikapata takriban bilioni 66. Huduma za jamii zilizolea vizazi vya Waholanzi, wakiwemo wa Groningen, zilijengwa humo. Kosa lao ni jingine: walizila nyingi katika bajeti za kila mwaka, tofauti na Norway iliyoweka mfuko. Hata jina "ugonjwa wa Kiholanzi" lilianzia hapo. Gazeti la The Economist lililitumia mwaka 1977 kueleza jinsi gesi ilivyoipandisha sarafu na kudhoofisha viwanda. Kwa hiyo simuungi mkono mwanzisha mada. Rasilimali ni ya taifa zima. Tukikubali kila kijiji kiwe na kura ya turufu juu ya kilicho chini yake, hakuna nchi itakayojenga kitu.

Mwanzisha mada

Hoja ya taifa zima naikubali nusu. Mfuko uliowekewa sehemu ya fedha za gesi ulisaidia kulipia Betuweroute, reli ya mizigo kutoka bandari ya Rotterdam kwenda Ujerumani, na HSL-Zuid, reli ya mwendokasi kwenda Ubelgiji. Tazameni ramani. Hakuna hata moja inayokaribia Groningen. Taifa lilikuwa zima kwenye kuchimba, lakini kwenye kugawa lilikuwa na kaskazini na kusini. Mwaka 2023 ndipo serikali ilipotangaza mpango wa Nij Begun, yaani "mwanzo mpya" kwa Kigroningen, wa yuro bilioni 22 kwa miaka 30. Linganisheni na hizo 363.

Niongeze jambo la watu wenyewe. Mgroningen akipenda chakula chako atasema "kon minder", ingeweza kuwa mbaya zaidi. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Hawapigi kelele, na naamini huko The Hague, makao ya serikali, ukimya wao ulihesabiwa kuwa ridhaa. Baada ya tetemeko la Zeerijp, Januari 2018, la ukubwa wa 3.4, maelfu waliingia barabarani mjini Groningen usiku, na mienge mikononi. Miezi miwili baadaye serikali ikatangaza kwamba uchimbaji utakoma.

Mchangiaji, Rotterdam

Nimesoma, na habari ya yule mama imenigusa. Ila hujanijibu. Ikija baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, meli zisifike, na mtoto wangu mchanga yupo ndani. Bado visima vizibwe?

Mwanzisha mada

Bado, dada, na ndiyo maana nataka saruji badala ya kufuli. Kufuli hufunguliwa usiku wa hofu, na usiku wa hofu hakuna anayeuliza nyumba ya nani iko juu ya kisima. Aprili 2024, siku chache kabla sheria kupita, Seneti iliahirisha kura kwa hofu hiyohiyo ya uhaba, hadi naibu waziri Hans Vijlbrief akasema atajiuzulu. Nilikuwa kwa yule mama habari ilipotangazwa redioni. Alizima redio, akaniomba nimsaidie kusogeza kitanda mbali na ukuta wenye ufa. Ardhi bado inatikisika, maana shinikizo chini halijatulia, na wataalamu wanasema itaendelea kwa miaka. Kwa mtoto wako nitaandamana nawe kudai ruzuku ya umeme, madirisha ya vioo viwili na maghala ya gesi yajazwe tangu kiangazi. Nyumba ya yule mama siwezi kuitoa, kwa sababu si yangu, wala si yako.