Mwani aina ya kotonii unapauka na kukatika kila msimu wa kaskazi: ni mbegu au ni mahali?

Kambayamwani: Assalaam aleykum. Shamba liko Jambiani, Unguja, maji mafupi. Kotonii inapauka kwenye matawi, halafu inakatika na kuchukuliwa na maji. Spinosamu, aina nyingine ya mwani, iliyo kwenye kamba za jirani haina neno. Kuna dawa?

Bamvua: Waaleykum salaam. Dawa hakuna. Mwani ukichoshwa na joto, maji ya mvua au maji yasiyotembea, bakteria huingia penye udhaifu, tawi likawa jeupe na laini. Kotonii haivumilii kama spinosamu. Kwenu wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) bahari hukupwa kabla ya adhuhuri, jua la kaskazi likiwa kali. Kama kamba zinabaki kwenye maji ya kifundo cha mguu, hapo ndipo penye tatizo. Bahari ikikupwa kabisa, mwani ubaki umefunikwa angalau nusu mita, na kamba iwe juu ya mchanga sentimita 20 hadi 30.

Palipopauka pakate mpaka kwenye nyama nzima, utoke nao ufukweni, usiutupe shambani. Mbegu chukua kwenye ncha changa za mwani mzima, kama gramu 100 kila fundo, nafasi sentimita 20 hadi 25. Mafundo yakisongamana maji hayapiti.

Tasi_mla_mwani: Kwanza hakikisha si samaki. Ncha zikiwa zimenyofolewa na rangi iko palepale, ni tasi. Ikiwa kweli ni joto, hamia kina kirefu: kamba ya kuelea, maboya, nanga mbili nzito, maji yasipungue mita mbili yanapokupwa. Shida yake ni chombo na kujua kuogelea, ndiyo maana akina mama wengi wamebaki na mambo, yaani vigingi vya kufungia kamba kwenye maji mafupi.

Kambayamwani: Ahsanteni. Nikivuna mapema kuokoa kilichobaki, mnunuzi ataukubali?

Bamvua: Vuna, kuliko kuuacha uende na maji. Lakini chini ya wiki sita karajini, ule ute wa mwani unaotakiwa viwandani, bado ni kidogo, na uzito utakuwa hafifu: hata mwani uliokomaa, kilo saba au nane mbichi hutoa kilo moja kavu. Anika juu ya chanja, si mchangani, na ufunike mvua ikija, maana maji ya mvua huchuja ubora. Usichanganye na spinosamu hata konzi moja. Karajini ya kotonii na ya spinosamu ni aina mbili tofauti, na gunia la mchanganyiko hulipwa bei ya chini.