Gari la waya na vitabu vya babu vinatoka kama vidhibiti vya polisi, nisaidieni wakuu

mwana_kirumba
Habari za jioni wakuu. Mwezi uliopita tulienda Ukerewe kugawana vitu vya babu, wenzangu wakagombania baiskeli na mbao mi nikaondoka na boksi moja tu. Ndani kuna gari la waya la matairi ya ndala (matatu mekundu moja la bluu, nadhani ndala iliisha), gololi kwenye kopo la maziwa na vitabu vya shule vya zamani kama kumi na mbili hivi, kimoja kina bei ya penseli Shs 2/50. Nataka nivipige picha nimtengenezee mama fremu za ukutani. Natumia simu. Shida picha inatoka bapa, karatasi imekuwa ya kijivu, na gari utadhani limekamatwa. YouTube wanasema weka meza dirisha la kaskazini eti halipigwi jua, nimeweka, asubuhi jua linaingia mpaka kwenye godoro!! Nakosea wapi?

fundi_lenzi
Aliyekosea ni mwalimu wako, huyo yuko Ulaya. Kule jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi Mwanza tuko kama nyuzi 2 na nusu tu kusini ya ikweta, kwa hiyo kuanzia katikati ya mwezi wa tatu mpaka kama mwisho wa wa tisa jua la mchana linapita kaskazini kwetu, baada ya hapo linahamia kusini. Saa hizi mwezi wa saba hamia dirisha la kusini, Desemba utarudi hapo ulipo. Huna dirisha la kusini, tundika shuka jeupe jembamba.
Zima fulashi na taa ya ndani zote, maana mwanga wa dirisha na wa taa rangi haziendani. Halafu mwanga uje ubavuni, ukitokea nyuma yako vivuli vinapotea na huo ndo ubapa unaolalamikia. Upande wa pili simamisha manila nyeupe kivuli kisiwe cheusi tii.

mzee_wa_gololi
Kabla ya yote piga msasa hizo waya zing'ae.

dada_pasiansi
@mzee_wa_gololi msasa kapigie kitanda chako 😂 Kutu ndo umri wenyewe, akiitoa si bora anunue gari la plastiki. Vumbi tu alipeperushe kwa brashi laini.
Kaka, ukijivu wa karatasi ni simu inajifanya kurekebisha rangi. Ingia mode ya Pro, rangi weka alama ya jua au wingu badala ya Auto, ISO (wepesi wa simu kunasa mwanga) weka 100, simu iegemeze kwenye kopo la unga na uweke taima sekunde 2 isitikisike. Na usipange vitabu vyote, vitatu vinatosha. Simu ishushe mpaka usawa wa tairi, ukipiga kwa juu ndo linakuwa hilo la polisi.

jirani_wa_ziwa
Usiku usijaribu kabisa. Mi nilipiga kitabu chini ya taa dirisha liko wazi, vile vidudu vya ziwani vikaja kujaa kwenye ukurasa, nikafuta kimoja kwa kidole, doa liko mpaka leo.

mwana_kirumba
Mrejesho: nimehamia dirisha la jikoni, la kusini, saa tatu asubuhi. Wakuu!! Kivuli cha waya kimelala juu ya jalada la kitabu mpaka ule mkunjo babu aliopinda na koleo unauona, na kwenye tairi lile tundu la kamba ya ndala limetokea vizuri. Karatasi imerudi njano yake.
Ila mtoto wa dada kaona gari liko mezani kalishusha akaliburuta uani, tairi la bluu limechomoka.

dada_pasiansi
Usilirudishie kwanza! Lilaze pembeni ya gari, piga hivyo hivyo.

mwana_kirumba
Kashalificha, anadai ni bangili yake.