Makatibu wa matawi ya vijiji: hadi lini tutakibeba chama kwa pesa za mifukoni mwetu?

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mimi ni katibu wa tawi la chama chetu cha siasa katika kijiji kimoja hapa Walukuba, Jinja, Uganda. Kazi hii haina mshahara, nami sikuwahi kuudai. Ninachokikataa ni chama kutufanya sisi wa chini kuwa wafadhili wake.

Rejista ya wanachama tunaiandika kwa kupita nyumba kwa nyumba, na daftari, kalamu na salio la simu tunanunua wenyewe. Mwanachama akifiwa, rambirambi inayosomwa kwa jina la chama tumeichanga sisi. Siku ya kura, wakala wetu hufika kituoni kabla hakijafunguliwa saa moja asubuhi, na hata baada ya saa kumi jioni hubaki hadi kura zihesabiwe palepale na fomu ya matokeo isainiwe. Katika uchaguzi mkuu uliopita posho ya mawakala haikutufikia, na chakula chao kilitoka jikoni kwa katibu wa wanawake. Wakala aliyeshinda na njaa ndiye anayenunuliwa, kisha viongozi wa juu wanatuuliza sisi kura zilipotelea wapi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba fedha zipo. Tangu sheria ya vyama iliporekebishwa mwaka 2010, vyama vyenye wabunge vimekuwa vikipewa ruzuku ya serikali kulingana na idadi ya wabunge wao, na chama chetu kimo. Katiba, ibara ya 71, inataka vyama vitoe hesabu ya vyanzo na matumizi ya fedha zao. Niliomba kwa barua nielezwe fungu la matawi ni kiasi gani, nikajibiwa kwa mdomo kwamba nimenunuliwa na wapinzani.

Wakati huohuo majirani waliolipia kadi za uanachama wananiita mwizi mbele ya watoto wangu, ingawa pesa zao nilizipeleka wilayani na risiti ninazo. Kadi hazijaja.

Sitaandikisha mwanachama mwingine mpaka kadi hizo ziletwe na barua yangu ijibiwe kwa maandishi. Makatibu wa Masese, Mpumudde na Bugembe wenye risiti kama zangu, zitunzeni, tuziambatishe kwenye barua moja ya pamoja kwa katibu mkuu.