Kafundi kamepitisha cherehani juu ya marinda ya kilti ya marehemu baba mkwe, na Jumamosi kuna harusi!

Wakuu, niacheni nitoe ya moyoni kwanza, ushauri mtanipa baadaye.

Niko Glasgow mwaka wa saba huu. Mke wangu ni mtu wa hukuhuku Uskochi, na baba yake alipofariki mama mkwe akanikabidhi kilti ya mzee. Mnaotaka kuiita "sketi ya wanaume" piteni kimya kimya, leo sina utani. Ni yadi 8 za sufu nzito. Mbele iko bapa, nyuma ina marinda 27 (nimeyahesabu), na kila rinda limeshonwa kwa mkono kuanzia kiunoni hadi pale makalio yanapojaa, halafu linaachiwa lichanue.

Sasa pale mshono unapoishia ndipo penye ugonjwa. Ukiinama, ukikaa, ukipanda gari, uzi wa mwisho ndio unaovutwa. Mwezi uliopita nilikaa vibaya kwenye basi nikasikia "tip!" Marinda 3 yamefumuka, kama vidole viwili kila moja. Kazi ya jioni moja kwa mtu mwenye sindano na subira.

Mimi na uvivu wangu nikapeleka kwenye duka moja la kurekebisha nguo. Dirishani wameandika kwa maandishi makubwa kwamba wanatengeneza kilti. KILTI, wakuu, sikuwalazimisha! Nikamwambia yule bwana: kwa mkono tu, na uzi ufanane na kitambaa. Akaitikia kwa kichwa. Pauni 40, nikalipa kabla ya kazi kama mjinga.

Jana nimeifuata. Nikaitandaza mezani jikoni, nikaishiwa nguvu.

Kapiga cherehani. Tena kwa nje, juu ya rinda! Uzi mweusi wa nailoni unaong'aa kama wa kushonea mabegi, juu ya kijani cha mzee. Sindano imetoboa hadi bitana, kwa hiyo rinda, kanvasi (kile kitambaa kigumu cha ndani) na bitana vimegandana, ukivuta huku pote panakunjamana. Na pasi kaiweka moja kwa moja bila kitambaa kibichi juu yake, sasa kuna alama inang'aa kama kiti cha daladala.

Kinachoniuma zaidi ni mistari. Nyuma ya kilti hii kila rinda linaonyesha kipande chembamba tu, kama sentimita 2, na aliyeishona alivipanga vipande hivyo ili mchoro wa tartani, ile miraba ya rangi ya kilti, uendelee kana kwamba kitambaa hakijakunjwa kabisa. Kuna mstari mweupe unatoka nyonga hii hadi nyonga ile umenyooka. Ulikuwa umenyooka! Ukifika kwenye marinda ya huyu jamaa unashuka nusu kidole, unapanda, unashuka tena, kama lami iliyochimbwa na watu wa maji wakaifukia wenyewe.

Halafu nikafungua bitana. Ndani kuna mshono mwingine unaoshikilia marinda kwenye kanvasi, na huo ndio unaobeba uzito. Kaukata! Nadhani ulimkera wakati wa kupitisha cherehani. Maana yake hata nikishona nje vizuri kiasi gani, marinda yananing'inia kwenye uzi wa nje peke yake, yatafumuka tena kabla keki haijakatwa.

Nikarudi. Jibu lake: "Hakuna atakayeona, koti litafunika." Koti gani? Koti la kuvalia kilti ni fupi makusudi! Nilipobisha akasema nimenenepa ndiyo maana imefumuka. Sawa, nimenenepa. Mikanda ya ngozi ya pembeni si ina matundu ya kulegezea? Na hela harudishi.

Marehemu mama yangu alishona sare za shule Tanga, sketi za marinda kwa mamia. Rinda likifumuka alipiga bandi kwanza kote chini ili mengine yasihame, ndipo anashika sindano, anaficha uzi ndani ya mkunjo. Na hiyo ilikuwa tetroni ya mtoto wa darasa la nne, itachanika kabla ya likizo!

Usiku nimefumua rinda moja kwa wembe, uzi mmoja mmoja, macho yanatoka machozi. Matundu nikayapitishia mvuke wa birika, mengi yamejifunga. Sufu ina huruma kuliko mafundi wa siku hizi. Mawili bado yananitazama.

Aliyeko Edinburgh, Stirling, popote pale, anayemjua mtu anayeshona kilti kwa mkono, aje inbox hata saa nane za usiku, nauli najua mwenyewe. Ule mshono wa kwenye kanvasi siuwezi, nisije nikaharibu zaidi.

Na wewe unayetaka kuniandikia "vaa suruali tu mkuu": mama mkwe ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama kilti ya mzee imerudi kutoka kwa fundi.