Kuitwa "nazi" au "mzungu mweusi" ni utani au tusi?

Kisoda
Wakuu habari zenu. Nina mdogo wangu amekulia Uingereza toka akiwa mchanga, Kiswahili anasikia ila kuongea anaungaunga, sasa kila tukikaa na ndugu lazima atokee mtu amwite mzungu mweusi, na huko anakoishi vijana weusi wenzake wanamwita coconut, yaani nazi, nje kahawia ndani nyeupe. Watu wakicheka na yeye anacheka ila mi namwona usoni inamchoma. Hivi haya majina yametoka wapi, na ni utani tu au ni tusi? Maana nikisema waache naambiwa namdekeza.

Mtoto wa Ijumaa
Tusi hilo mkuu, usiyumbishwe. Na wala sio letu peke yetu, Waasia waliokulia kwa wazungu wanaitwa ndizi, Wamarekani weusi wana Oreo, ile biskuti nyeusi yenye krimu nyeupe ndani, na wenyeji asilia wa Marekani wana tufaha, nje jekundu ndani jeupe. Hili la tufaha ndo linaniudhi kuliko yote. Mwaka 1879 ilifunguliwa shule ya bweni ya Carlisle kule Pennsylvania, watoto wa wenyeji wakapelekwa mbali na wazazi, wakakatwa nywele, wakapewa majina ya kizungu, ukikutwa unaongea lugha ya kwenu unaadhibiwa, na mwanzilishi wake Richard Pratt mwaka 1892 alisema hadharani kwamba lengo ni kumuua Mwindi, yaani ule uenyeji wa mtoto, na kumwokoa mtu. Haya, leo kitukuu wa mtoto yule hajui lugha ya wazee wake halafu anakuja mtu wa kabila lake mwenyewe anamwita tufaha!! Kosa lake liko wapi hapo?

Bakora
Kwa mtoto nakubali ni uonevu. Ila mwanasiasa anayejinadi kwa asili yake kutafuta kura, akishapata kiti anawageuka watu walewale, huyo mi namwita nazi mchana kweupe na silali njaa. Hata mahakama za hukohuko Uingereza hazina jibu moja, 2010 diwani mmoja wa Bristol alitiwa hatiani kwa kumwita nazi diwani mwenzake mwenye asili ya Asia tena ndani ya kikao, lakini 2024 mwanamke aliyebeba bango la Rishi Sunak na Suella Braverman, wanasiasa wa Uingereza wenye asili ya India, wamechorwa pamoja na nazi kwenye maandamano akaachiwa, hakimu akaona ile ni kejeli ya kisiasa.

Mtoto wa Ijumaa
@Bakora si umseme kwa alichofanya basi, rangi ya ndani umeionea wapi? Ukishaanza kupima weusi wa mtu kwa sera zake kesho utapima kwa lafudhi, na hapo ndo tunarudi kwa dogo wa mleta mada.

Bibi Kanga
Wanangu mnasahau kwamba kuna wakati huo uzungu ulitolewa kwa karatasi. Angola na Msumbiji Mreno alikuwa anawapa Waafrika hadhi ya assimilado, yaani mtu aliyefananishwa na Mreno, uipate mpaka uongee Kireno sawasawa, uwe na kipato na uonekane umeacha mila zako, ukiipata unaponea kazi za shuruti. Mpaka 1961 ndo sheria hiyo ikafutwa. Kongo ya Mbelgiji nako toka 1952 mtu aliomba usajili wa kuhesabiwa mstaarabu, na maofisa walikuwa wanakuja mpaka nyumbani kukagua mnaishije, jamani mpaka choo! Sasa fikiria umeyapita yote hayo ili tu usiende shuruti, jirani anakuona msaliti na mkoloni naye bado hakutaki mezani kwake. Mdogo wako yuko hapohapo katikati mwanangu, tofauti yake yeye hata fomu hakujaza.

Kisoda
Shikamoo bibi, hiyo ya choo sikuwahi kuisikia aisee. Sasa nifanyeje, nimwambie awajibu au anyamaze?

Bibi Kanga
Marahaba. Asijibu yeye, jibu wewe mkubwa wake. Na muongee naye Kiswahili, akikosea msicheke, maana nyie mnaocheka ndo mmemfanya aogope kufungua mdomo kisha mnasema hajui lugha.

Kisoda
Kinara wa kucheka ni shangazi yetu, tena yeye watoto wake wote anawaongelesha Kiingereza. Naanzia kwake.

Bakora
Hahaha kwa shangazi mkuu jipange, ukirudi salama utupe mrejesho.