Sainasi ya paji la uso ikiziba tena baada ya upasuaji
Swali: Wakuu, njia ya sainasi ya paji la uso (uwazi wenye hewa ndani ya mfupa, juu ya macho) ikiziba mara ya pili, je, twende moja kwa moja kwenye Draf III, ule upasuaji mpana wa kupitia puani?

Jibu: Daktari mwenzangu, tazama kwanza picha za CT. Draf III huondoa sakafu za sainasi zote mbili pamoja na sehemu ya juu ya ukuta wa kati wa pua, ili zipate mlango mmoja mpana. Lakini mfupa ukiachwa bila utando huota kovu, na mlango husinyaa.

Jibu: Uvimbe uliojificha pembeni kabisa, kamera inayotazama kwa pembe ya nyuzi 70 huuona ilhali kifaa hakiufikii, hapo chale ya nje, kwenye ngozi, haijapitwa na wakati.

Jibu: Ukuta wa nyuma wa sainasi, upande wa ubongo, nao ukitoboka, maji ya ubongo huweza kuvuja. Ziba papo hapo.