Msuva kuzunguka Morocco, Saudia, Algeria mpaka Iraq: kafanikiwa au anatangatanga tu?

Mtoto wa Keko:
Wakuu habari za jioni. Jana kijiweni ubishi ulikuwa mkali mpaka kahawa ikapoa, mada Simon Msuva. Huyu jamaa aliondoka Yanga 2017 akiwa kinara wa magoli ya ligi, 14, sawasawa na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting. Akaenda Difaa El Jadida ya Morocco, 2020 akahamia Wydad hukohuko, 2022 Al-Qadsiah ya Saudia, 2023 JS Kabylie kule Algeria, hajakaa sawa tunasikia karudi Saudia yupo Al-Najma daraja la pili, 2024 hiyohiyo tunaambiwa yupo Baghdad na Al-Talaba. Mshkaji wangu anasema huo ni utumwa wa mpira, mchezaji wa kweli anatulia sehemu moja anajenga jina kama Mbwana Samatta pale Genk ya Ubelgiji. Mi nilikosa jibu la maana nikalipia kahawa nikaondoka. Nyie mnaonaje?

Bonde la Msimbazi:
Mshkaji wako yuko sahihi na mi sio kwamba simpendi Msuva. Angalia Samatta, katoka TP Mazembe ya Kongo na kombe la klabu bingwa Afrika la 2015 mkononi, Januari 2016 yuko Genk, anakuja kuondoka Januari 2020 anaenda Aston Villa Premier League. Ile ndo ngazi, kila hatua iko juu ya nyingine. Msuva yeye ngazi yake inapanda inashuka, toka Wydad mpaka daraja la pili Saudia we unaitaje hiyo?

Shangazi wa Jangwani:
Wanangu mi naitwa shangazi humu na mpira nimeanza kuangalia kabla hamjazaliwa, ngoja niseme. Mnaisema Morocco kama vile ni Kigamboni, unapanda pantoni umefika. Clatous Chama wa Simba, huyuhuyu mliyekuwa mnamwita Mwamba wa Lusaka, aliuzwa RS Berkane ya hukohuko Morocco Agosti 2021, Januari 2022 huyo karudi Msimbazi, na Tuisila Kisinda wa Yanga naye alienda hukohuko akarudi. Hao ni watu waliokuwa wanatesa mabeki wa ligi yetu. Sasa Msuva kakaa Morocco toka 2017 mpaka anaingia mgogoro na Wydad, tena msimu wa 2020/21 Wydad ikachukua ubingwa akiwemo. Kucheza kule ni kazi, beki wa kiarabu anakuvuta jezi refa anaangalia pembeni, ukidondoka wanakusimamia juu ya kichwa. Kudumu kule miaka yote ile na mwili wake ule mwembamba mi namvulia kofia yangu ya kijani.

Bonde la Msimbazi:
Shangazi shikamoo. Hapo kwa Chama umenipiga pabaya lakini hujajibu la daraja la pili.

Dereva wa Khobar:
Ngoja nijibu mimi maana nimeishi huko. Al-Qadsiah ni timu ya Khobar, nilikuwa naendesha gari la mizigo mitaa hiyohiyo, na hata Msuva alipofika ilikuwa daraja la pili, watu hawaangalii daraja wanaangalia mshahara unaingia au hauingii. Mnasema utumwa, utumwa mi naujua. Kafili wangu wa kwanza, yaani tajiri aliyenidhamini, alinikalia na mshahara miezi mitatu, ikama yangu (kibali cha kuishi) anayo yeye, kila nikiuliza bukra bukra, kesho kesho, ningemshtaki wapi na kiarabu chenyewe naokoteza? Mwisho nilisamehe nikatafuta pengine. Msuva alipodai haki zake Wydad alienda FIFA, na FIFA ikampa ushindi. Sheria yao iko wazi, klabu ikikaa na mishahara yako miwili unawaandikia barua unawapa siku 15, wasipolipa unavunja mkataba na unaondoka bure. Kwa hiyo mtu akihamahama msiseme moja kwa moja kwamba kashindwa mpira, wengine wanahama kwa sababu wamekataa kuchezea ahadi. Sisi tulivyosikia kashinda kesi tulishangilia kwenye chumba watu nane, na wawili humo hata mpira hawafuatilii.

Kipanga Mwekundu:
Dereva pole sana ndugu yangu. Mi naongeza Thomas Ulimwengu, mnamsahau mapema. Mazembe, akaenda Eskilstuna Sweden, Tuzla kule Bosnia, Al-Hilal ya Sudan, JS Saoura Algeria, akarudi Mazembe. Ukiangalia ramani unadhani ni mtu wa shehena. Na sa hivi vijana wengi hawataki hata kutoka, hela ya Dar imekuwa nzuri na Mzambia na Mkongo nao wanakuja kutafuta kwetu, kwao Chamazi hapa Dar ndo ulaya.

Shangazi wa Jangwani:
Na kingine, huyo mnayemwita mtangaji kila akiitwa Taifa Stars anakuja na goli. AFCON ya 2019, ya kwanza kwetu toka 1980, kawafunga Kenya dakika ya 6 (matokeo ya mwisho tusiyaongelee). Ismailia 2023 kawafunga Uganda moja bila. San Pedro Januari 2024 kawafunga Zambia, Patson Daka wao akaja kusawazisha, kutuharibia dakika ya 88. Novemba 2024 kwa Mkapa kawafunga Guinea moja bila tukafuzu AFCON nyingine, hapo anatokea Iraq. Samatta wenu mie nampenda pia lakini hesabu ni hesabu.

Mtoto wa Keko:
Aisee hiyo ya barua na siku 15 ndo nilikuwa sina. Leo narudi kijiweni, ila Dereva naomba unielekeze vizuri, hiyo mishahara miwili lazima iwe imefuatana au?

Dereva wa Khobar:
Angalau miwili, kwa tarehe zake za kulipwa. Na leo kahawa alipe huyo mshkaji wako.